Biashara ya Kuingizana: Je, Ni Haki kwa Anayeingizwa?

Akina mama wenzetu, kuna jambo lililoingia majumbani mwetu polepole, nalo linastahili kutazamwa kwa makini. Ni ile biashara ambayo mtu hununua bidhaa za kampuni, kisha hutakiwa kuwaingiza watu wengine chini yake, na hao nao wawaingize wengine, na kila anayeingia humletea faida yule aliyemtangulia. Wenyewe huiita biashara ya mtandao. Zamani tuliisikia ikitajwa Dar es Salaam na Arusha. Leo imefika Songea, imefika Mbinga mjini, na hata huku kwetu Mpepai hukosi kumkuta mama mwenye mkoba wa vipeperushi na orodha ya majina ya kutembelea.

Hatuulizi kama wapo waliotajirika kwa biashara hiyo. Wapo. Wala hatuulizi kama mwanamke Mkristo anaruhusiwa kufanya biashara. Mke anayesifiwa katika kitabu cha Mithali alikuwa mfanyabiashara hodari, naye alijua faida yake. Swali letu ni dogo, lakini ni zito: je, biashara hii inamtendea haki yule anayeingizwa? Yule wa mwisho, aliyetoa fedha zake jana, ambaye hana mtu chini yake?

Sisi ni watu wa zahanati na wa kujitolea kanisani. Kwa kazi hizo mbili huingia katika nyumba nyingi, na huyasikia mengi yasiyosemwa barazani. Hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika.

Kwa nini hutuijia sisi

Mtu anayetafuta watu wa kuingiza hapotezi muda wake kwa watu wasioaminiana. Huenda mahali ambapo uaminifu umekwisha jengwa na wengine. Ndiyo maana huipenda jumuiya, kwaya, kikundi cha akina mama na sebule ya mwalimu. Ndiyo maana hutupenda sisi wauguzi. Tumekwisha fuatwa zaidi ya mara moja na watu waliotuambia wazi: "Ninyi wagonjwa wanawaamini. Mkisema neno moja tu, watanunua." Tulikataa. Imani ya mgonjwa kwa muuguzi imewekwa mikononi mwetu ili tuitunze, wala si yetu kuiuza.

Tena huja kwa msimu. Huku Mbinga fedha za mkulima huja mara moja kwa mwaka, kahawa inapouzwa. Mwezi huo huo ndio wa kulipa madeni, kununua mbolea, kuezeka nyumba na kuweka akiba ya shule. Na mwezi huo huo ndio mialiko ya semina huwa mingi. Mama aliyekaa miezi kumi bila kushika noti nyingi ghafla anazo mkononi, na mbele yake anasimama mtu aliyevaa vizuri, akimwambia kwamba fedha hizo zikiingia katika biashara hii hatalima tena kwa jembe.

Mama mmoja na daftari lake

Tunamfahamu mama mmoja, wa kijiji kisicho mbali na hapa. Hatutamtaja jina, wala kampuni hatutaitaja. Ni mama mchapakazi, mwenye watoto wanne, na binti yake mkubwa alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Alialikwa kwenye semina Songea na rafiki wa kwaya. Huko alionyeshwa picha za magari na nyumba, akasikia ushuhuda wa watu waliolia kwa furaha jukwaani. Alirudi na makasha ya virutubisho yaliyomgharimu shilingi 420,000. Hizo ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya godoro, sanduku, sare na mahitaji mengine ya binti.

Kisha akaambiwa kwamba ili astahili kulipwa kwa ajili ya watu atakaowaingiza, lazima kila mwezi anunue tena bidhaa za shilingi 70,000. Akanunua kwa miezi minne. Alifanikiwa kuwaingiza watu wawili: mdogo wake wa tumbo moja na mwanakwaya mwenzake. Mwezi wa nne, fedha zilipokwisha na msimu wa kahawa ukiwa bado mbali, alichukua magoma. Msomaji wa Mbinga hahitaji kuelezwa magoma ni nini. Kwa walio mbali tuseme hivi: ni kuiuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa mkopo mdogo wa wakati wa njaa, na wakati wa mavuno mwenye fedha huchukua mzigo kwa bei ya kutupa.

Alipotujia hakuja kwa ajili ya biashara. Alikuja kwa sababu hapati usingizi na moyo unamwenda mbio. Tulimpima, kisha tukamwomba alete daftari, tukaandika hesabu pamoja. Alikuwa ametoa shilingi 700,000. Bidhaa alizouza, karibu zote kwa ndugu waliomwonea huruma, zilimpatia 150,000. Kwa ajili ya wale wawili aliowaingiza alilipwa 84,000. Jumla aliyopata ni 234,000. Pengo lilikuwa shilingi 466,000, bila kuhesabu nauli za Songea, viingilio vya semina na kahawa iliyokwenda kwa magoma. Makasha yaliyobaki yalikuwa chini ya kitanda, na tarehe ya kuharibika ilikuwa inakaribia. Alipoomba kuyarudisha aliambiwa kwamba muda wa kurudisha umepita. Aliyekuwa juu yake alimwambia kwamba hakujituma, tena kwamba imani yake ni haba.

Angalieni hapo, wapendwa. Kila aliponunua, waliokuwa juu yake walilipwa, awe ameuza au hakuuza. Hasara ilibaki kwake peke yake. Na lililomuuma kuliko fedha ni mdogo wake. Yeye naye alikuwa ametoa fedha za mbolea, na kwa mwaka mzima ndugu hawa wawili hawakusalimiana. Binti alikwenda shule akiwa amechelewa wiki kadhaa, kwa mchango wa shangazi.

Kosa haliko kwenye uvivu

Watetezi wa biashara hii husema kwamba anayeshindwa ameshindwa kwa uvivu. Basi tufanye hesabu ambayo kila mama aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifanya.

Tuseme mtu mmoja anaanza, naye anatakiwa kuingiza watu watano. Hao watano kila mmoja aingize watano: tunapata 25. Hatua inayofuata ni 125, kisha 625, kisha 3,125. Mpaka hapo tumekwisha maliza watu wazima wa kata nyingi za huku kwetu. Hatua ya sita ni 15,625. Tukiendelea vivyo hivyo mpaka hatua ya kumi na moja, tunahitaji watu 48,828,125 katika hatua hiyo peke yake. Ukijumlisha na wote waliotangulia unapata watu 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Maana yake ni kwamba katika hatua kumi na moja tu tungekuwa tumemwingiza karibu kila Mtanzania, pamoja na watoto wachanga na mabibi wasioona. Hatua ya kumi na mbili watatoka wapi?

Lakini hata kabla ya kufika huko, angalieni jambo jingine. Popote mtakapoisimamisha hesabu hii, kati ya kila watu watano waliomo, karibu wanne ni wa hatua ya mwisho. Hao hawana mtu chini yao. Wanaweza kuwa wachapakazi, wenye sala na wenye nidhamu, lakini bado ni wanne kati ya watano. Ikiwa faida inategemea kuwa na watu chini yako, basi walio wengi wamepangiwa kukosa tangu siku ya kwanza. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ni mvivu ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mchezo wetu na upatu wao

Wengine watasema: "Mbona sisi wanawake tumekuwa na upatu wetu tangu zamani?" Ni kweli, na ndiyo maana neno hilo hutuchanganya. Upatu wa akina mama, ambao wengine huuita mchezo au kibati, ni watu kumi wanaojuana. Kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na kila mmoja kwa zamu yake hupokea kiasi kile kile. Wa kwanza hapati zaidi ya wa mwisho. Mzunguko ukiisha hakuna aliyekula cha mwenzake.

Tena tunao mfano wa zamani zaidi. Katika milima ya Umatengo mashamba yetu ni ya ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, wanawake hufukia kwa udongo na kupanda. Ni kazi ngumu kwa mikono miwili, ndiyo sababu wazee walikuwa na ngokela: leo watu hukusanyika shambani kwako, kesho nawe unakwenda kwao. Jasho huzunguka na kurudi kwa mwenyewe.

Katika biashara ya kuingizana jasho halirudi. Hupanda juu tu. Wa chini humlimia wa juu, na wa juu hana siku ya kuja kumlimia wa chini. Mama anayejua ngokela hahitaji mwanasheria kumweleza tofauti hiyo.

Yaliyokwisha tokea

Nchi yetu imekwisha pita katika jambo hili. Wengi wetu tunaikumbuka DECI. Hiyo haikuuza hata bidhaa: watu walipeleka fedha, na huko kuzitoa kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Maneno hayo ya kanisani hayakuchaguliwa kwa bahati, kwa maana miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Fedha za waliokuja baadaye ndizo zilizowalipa waliotangulia. Mwaka 2009 serikali iliingilia kati, na viongozi wakafikishwa mahakamani Kisutu, Dar es Salaam, kwa makosa ya kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani. Waliopanda mwanzo walivuna. Waliopanda mwisho walibaki na stakabadhi.

Majirani zetu wa Kenya nao walipata pigo la namna hiyo miaka ya 2006 na 2007. Kamati iliyoundwa na serikali yao kuchunguza iligundua kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya.

Wala si mambo ya zamani tu. Februari 2025 polisi nchini mwetu waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kwa tuhuma zinazohusu mpango uliojulikana kwa jina la LBL. Humo watu waliweka fedha kwa njia ya simu, wakaahidiwa malipo ya kutazama matangazo. Jina hubadilika, simu huchukua nafasi ya jukwaa, lakini mwenendo ni ule ule: fedha ya mgeni ndiyo mshahara wa mwenyeji.

Je, zote ni sawa?

Haki inatutaka tusikilize na upande wa pili. Kampuni inayouza sabuni, dawa ya meno au mafuta ya kupaka si sawa na DECI. Bidhaa ipo, unaishika mkononi, na pengine ni nzuri. Wako akina mama ambao huuza bidhaa hizo kwa wateja wa kawaida, huongeza faida kidogo, nao husomesha watoto. Hao tunawapongeza. Wanafanya uchuuzi halali, sawa na wenzetu wa Mbamba Bay na Liuli wanaopandisha dagaa na mbasa kutoka ziwani kuja kutuuzia huku milimani.

Tofauti iko wapi basi? Wamarekani wamelisumbukia swali hili kwa muda mrefu, kwa kuwa kampuni nyingi za namna hii zilianzia kwao. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa upatu haramu. Sababu zilikuwa kanuni zake: mwanachama alitakiwa kuuza sehemu kubwa ya mzigo kabla ya kununua mwingine, awe na wateja halisi kila mwezi, na bidhaa ambazo hazikuuzwa zinunuliwe tena. Hata hivyo tume hiyo iliikuta kampuni na kosa la kutia chumvi katika habari za mapato. Kwa hiyo kipimo kilichowekwa ni hiki: je, bidhaa inamfikia mlaji wa kweli, au inazunguka kati ya wanachama wenyewe?

Mwaka 2016 kampuni nyingine kubwa, Herbalife, ilikubali kutoa dola milioni 200 ili warudishiwe fedha watu waliopata hasara, na mwaka uliofuata karibu watu 350,000 walianza kutumiwa hundi. Pia iliamriwa ibadili namna ya kulipa huko Marekani, ili malipo yategemee mauzo yanayothibitika. Na mwezi Septemba 2024 wataalamu wa tume hiyo hiyo walitoa taarifa baada ya kuzisoma hati za mapato za kampuni 70 za namna hii. Waligundua kwamba katika nyingi kati ya hizo, wengi wa wanachama walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hapo gharama zao hazijatolewa. Katika kampuni zisizopungua 17, wengi hawakupata kitu chochote. Ikiwa ndivyo ilivyo katika nchi yenye fedha nyingi mifukoni, itakuwaje kwa mama wa Mpepai ambaye majirani zake wote husubiri msimu mmoja wa kahawa?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Biashara ambayo mtu hulipwa kwa kile alichomuuzia mlaji ni biashara. Biashara ambayo mtu hulipwa kwa sababu mwenzake ameingia na kununua mzigo wa kiingilio si haki kwa anayeingizwa, hata ikiwa imeandikishwa, hata ikiwa ina ofisi nzuri, hata ikiwa hufungua mikutano yake kwa sala. Kuandikishwa huonyesha kwamba kampuni ipo. Hakuonyeshi kwamba utapata faida.

Neno kuhusu virutubisho

Hapa tunasema kama wauguzi. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazoletwa vijijini kwa njia hii ni vidonge, unga na maji ya kunywa yanayosemekana kusafisha damu na kuponya presha, kisukari, vidonda vya tumbo na hata saratani. Kirutubisho ni chakula cha nyongeza. Si dawa ya kisukari, wala hakichukui nafasi ya vidonge vya presha. Tumempokea mgonjwa aliyeacha dawa zake za presha miezi mitatu kwa sababu alikuwa anatumia unga wa bei kubwa, na kipimo chake siku hiyo kilikuwa 190 kwa 110. Kuna wanaofika wakiwa tayari wamepooza upande mmoja.

Anayeuza si lazima awe mwongo. Mara nyingi naye amefundishwa semina ya siku mbili, akaamini. Lakini fikirini: mtu anayetakiwa kumaliza mzigo wa 70,000 kabla ya mwisho wa mwezi ana sababu kubwa ya kumwona kila jirani kuwa mgonjwa. Dada yetu, ikiwa unauza bidhaa hizo, usimwambie mtu yeyote aache dawa alizopewa hospitali. Na wewe unayenunua, ije na sifa za namna gani, ilete kwanza zahanati tuisome pamoja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Mtu akikualika usimtukane wala usimkimbie. Mkaribishe, mpe chai, kisha umwulize haya:

1. Ikiwa hakuna hata mmoja atakayeingia chini yangu, je, nitapata faida kwa kuuza bidhaa tu?

2. Jirani asiye mwanachama angeinunua bidhaa hii kwa bei hii, kama ingewekwa dukani Mbinga pamoja na nyingine?

3. Je, ni lazima ninunue kila mwezi ili nilipwe?

4. Nikishindwa, nitarudishiwa fedha kwa mzigo ambao sijaufungua? Kwa muda gani? Imeandikwa wapi?

5. Wewe mwenyewe, tangu uingie, umetoa shilingi ngapi na umepata shilingi ngapi? Nionyeshe daftari, si picha ya gari.

6. Kwa nini ni lazima niamue leo?

Mtu mwenye biashara ya kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Muuza maharage hujua amenunua debe kwa kiasi gani na ameuza kwa kiasi gani. Akikwepa, au akianza kukuhubiria kuhusu imani na ndoto, umekwisha pata jibu. Kisha, hata majibu yakiwa mazuri, lala nalo usiku mmoja, na uzungumze na mume wako. Fedha za kahawa ni za nyumba nzima. Siri ya fedha huanza kama kasha chini ya kitanda na huishia kuwa ufa katika ndoa.

Kwa aliyekwisha ingia

Ikiwa umekwisha ingia, usijione mjinga. Waliokuingiza walitumia wema wako, na wema si upumbavu. Andika hesabu yako yote kwenye daftari moja, uione kwa macho. Acha kununua mzigo wa mwezi unaofuata. Usichukue magoma, wala mkopo wa simu, ili kuokoa fedha iliyokwisha potea. Omba kurudisha bidhaa kwa maandishi, na utunze nakala na stakabadhi. Uuze zilizobaki kwa bei ya haki ikiwa hazijaharibika.

Na jambo gumu kuliko yote: nenda kwa yule uliyemwingiza. Mweleze hesabu yako bila kuficha, ili naye asiendelee. Yule mama tuliyemtaja alifanya hivyo. Alimpelekea mdogo wake lile daftari, akamfungulia ukurasa mmoja mmoja. Walilia. Fedha hazikurudi, lakini mdogo wake hakununua tena, na msimu uliofuata walisaidiana kuvuna. Hilo nalo ni faida, ingawa haliandikwi katika vipeperushi.

Kwa vikundi vyetu

Viongozi wa jumuiya na vikundi, tunawaomba mlizungumze jambo hili waziwazi. Ni vyema kikundi kikakubaliana kwamba mikutano ya sala si mahali pa kuingizana katika biashara. Anayetaka kuuza sabuni auze baada ya mkutano, kwa bei iliyo wazi, kama anavyouza mayai. Lakini asiyatumie majina ya wanakwaya kuwa orodha yake ya kuingiza watu.

Halafu tusiishie kukataza tu. Mama hukimbilia biashara ya kuingizana kwa sababu ana shida ya kweli. VICOBA vyetu vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Tuviandikishe na kutunza vitabu vyake vizuri. Halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tuifuate, tuulize masharti yake kwa ofisa maendeleo ya jamii, tuandike maombi. Na kikundi kikiweza kuwa na mfuko mdogo wa miezi ya njaa, hata wa shilingi 20,000 kwa mama mmoja, mtakuwa mmeziba mlango ambao magoma na semina vyote hupitia.

Njia hizi ni za polepole. Hazina magari jukwaani. Lakini ndani yake hakuna mama anayelazimika kusubiri mwenzake aumie ili yeye apate. Wapendwa, kabla hujamwita jirani yako aingie mahali, jiulize kama uko tayari kumwonyesha daftari lako lote. Ikiwa jibu ni hapana, mwache jirani na fedha zake za kahawa, akamnunulie mtoto madaftari.